Nyayo Zikiingia Kijiji cha Jirani: Mwongozo kwa Sungusungu na Kamati za Ulinzi

Ng'ombe akiibwa saa nane usiku, kufika alfajiri ameshavuka vijiji viwili na pengine yuko kata nyingine. Mwizi hana habari na jiwe la mpaka. Anayepaswa kulifikiria ni yule anayemfuata, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri za sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, zinapoharibika. Nyayo zimesomwa vizuri, mtu kapatikana, ng'ombe wamo zizini kwake. Halafu inabainika kuwa walinzi wa kijiji kimoja wamevunja mlango katika kijiji kingine, wamempiga mtuhumiwa na kumburuta usiku huohuo hadi kwao. Kesi ya wizi inafifia, inafunguliwa kesi ya shambulio, na waliotoka kwenda kumsaidia jirani yao ndio wanaotafutiwa wadhamini.

Sungusungu ilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Nzega, silaha zilizozagaa baada ya Vita vya Kagera zikiwa mikononi mwa majambazi, mpaka haukuwa hoja. Mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa kijiji kimoja, cha pili kiliupokea, cha tatu kikaziba njia, na kila mwenye upinde akatoka. Sheria ilikuja nyuma. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, ikiwemo ile ya mwaka 1975 inayohusu mamlaka ya kukamata, ili vikundi vya namna hii vitambulike, mradi vifanye kazi chini ya mamlaka ya Serikali. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoleta suala la mpaka. Serikali iliyo juu ya kikundi chako kila siku ni serikali ya kijiji chako. Jirani ana ya kwake.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa makamanda wa jeshi la jadi (yaani sungusungu), makatibu wao, wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa kamati za ulinzi na usalama.

Hatua ya 1: Jua umebeba mamlaka gani

Kuna mamlaka za aina tatu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya kila mwananchi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu mtu yeyote asiye polisi kumkamata anayetenda mbele yake kosa la aina zilizotajwa katika sheria hiyo. Inamruhusu pia mwenye mali, au mtu aliyemtuma, kumkamata anayemkuta akiiharibu mali hiyo. Ruhusa hii haina kijiji. Ukimkuta mtu anakata kamba za zizi, uko kwenu au uko ugenini, unaweza kumshika. Lakini tazama neno "mbele yake". Ukiwa umefuata kwato kwa saa tano na kumkuta mtu amelala nyumbani kwake, hukumwona akiiba. Unachomshuku nacho kinaweza kuwa kizito sana, ila kama mwananchi wa kawaida ruhusa hiyo haikusaidii.

Ya pili ni ya mgambo na vikundi vilivyoingizwa kwenye sheria hizo za mgambo. Nguvu yao ya kukamata ni pana zaidi, lakini imefungamana na kuwa kazini chini ya uongozi wa Serikali. Kikundi kisichosajiliwa na kijiji, kisicho na orodha ya majina kwa Mtendaji, ambacho Mkuu wa Kituo cha Polisi hakijui, kitapata taabu kuthibitisha kwamba kilikuwa kazini hata ndani ya kijiji chake, sembuse kwa jirani.

Ya tatu ni ya wenye vyeo: polisi, na kwa kiasi chao watendaji wa kata na vijiji, ambao ni walinzi wa amani. Polisi hafungwi na mpaka wa kijiji. Mtendaji ana eneo lake.

Kwa hiyo kanuni ya kufanyia kazi ni hii: ukivuka mpaka, jihesabu kuwa mwananchi wa kawaida mpaka mwenyeji akupokee. Kizibao cha reflekta, rungu na kitambulisho cha kikundi havibadilishi hilo. Mwanasheria anaweza kukaa na wewe akabishana kwamba sheria ya mgambo haikutaja mipaka ya vijiji, na pengine akashinda hoja. Atashindia mahakamani, miezi kadhaa baadaye, wewe ukiwa kizimbani.

Hatua ya 2: Jua mpaka wenyewe

Wengi hukisia. Mpaka wa kijiji umeelezwa kwenye cheti cha ardhi ya kijiji, kwa wale waliokwisha kukipata chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mara nyingi kuna ramani ofisini kwa Mtendaji. Kamanda na katibu wakaitazame, kisha watembee mchana na wazee wa pande zote mbili: mto huu, kichuguu kile, barabara ya zamani ya pamba. Kama vijiji vina mgogoro wa mpaka, msiutatue kwa doria. Kubalianeni kwamba kwa mambo ya ulinzi tu eneo linalogombewa litalindwa kwa pamoja, na muandike kuwa makubaliano hayo hayagusi umiliki wa ardhi. Bila sentensi hiyo hakuna mwenyekiti atakayesaini.

Hatua ya 3: Funga makubaliano ya ujirani kabla ya wizi

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na hufanyika mchana, watu wakiwa wameketi. Usiku wa yowe hauna nafasi ya majadiliano.

Kikao akiitishe Mtendaji wa Kata. Kama vijiji viko kata mbili tofauti, watendaji wote wawili wawepo. Mwalikeni Mkaguzi Kata, yaani askari polisi aliyepangiwa kata yenu. Kila kijiji kilete mwenyekiti, mtendaji wake, kamanda wa sungusungu na wajumbe wawili watatu wa kamati ya ulinzi na usalama. Mkilisahau kundi la wafugaji au la wakulima kwa sababu "ndio wanaosumbua", mmeshatengeneza kijiji cha tatu ndani ya vile viwili, na nyayo zitapotelea huko.

Mambo ya kukubaliana ni haya, na msiongeze mengi.

Nani anapigiwa simu. Majina mawili kwa kila kijiji, na la tatu la akiba. Kwa mazoea watu huandika namba ya mwenyekiti peke yake, naye akiwa msibani wilayani hakuna anayepokea. Andikeni pia namba ya kituo cha polisi na ya Mkaguzi Kata.

Ishara. Mwano bado unafanya kazi vizuri Usukumani na Unyamwezini, na filimbi ina lugha yake. Hakikisheni vijiji vyote vinatumia ishara moja kwa jambo moja. Kuna sehemu ambako milio mitatu ni "mwizi", na ng'ambo ya mto milio mitatu ni "moto".

Mahali pa kupokezana. Taja pointi za mpakani ambako msafara wa kijiji kimoja utasimama kumsubiri mwenyeji: kivuko, josho, shule. Tatu au nne zinatosha.

Muda wa kusubiri, na nini kifanyike mwenyeji asipofika. Hapa ndipo mikutano hugombana. Ushauri wangu: msiandike ruhusa ya "kuendelea na msako". Andikeni kwamba mwenyeji asipofika kwa muda mliokubaliana, watu wachache tu, wasiozidi watano, wanaweza kuendelea kusoma nyayo kwenye njia na maeneo ya wazi, bila kuingia boma la mtu na bila kumkamata mtu, huku wengine wakiendelea kumpigia mwenyeji na polisi. Kusoma nyayo kwenye njia ya watu wote hakumkosei mtu.

Wajibu wa kijiji ambako nyayo zimepotelea. Kwa desturi ya wafugaji wengi, nyayo zikiingia kwako na hazionekani zikitoka, ni juu yako kuonyesha zilikoelekea. Desturi hiyo ni nzuri ikiwa maana yake ni "saidieni kutafuta". Ikigeuka kuwa kijiji kizima kulipa ng'ombe, imekuwa adhabu kwa watu ambao hakuna mahakama iliyowakuta na hatia, na maandishi yenu yataonyesha nani aliipanga. Iacheni kwenye kutafuta.

Makubaliano yakishasainiwa, kila kijiji kiyapeleke kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji yasomwe kwa sauti. Nakala moja iende kwa Mtendaji wa Kata na nyingine kwa Mkuu wa Kituo. Hayo ni maelewano tu, hayana uzito wa sheria ndogo. Sheria ndogo ya kijiji ina njia yake: inapita kwenye mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na hata ikikamilika inashika ndani ya kijiji hicho pekee.

Hatua ya 4: Usiku wa tukio

Wizi ukigundulika, mwenye mali asikimbie porini kwanza. Akae dakika chache na katibu aandike: ng'ombe wangapi, jinsia, rangi, mabaka, pembe ikoje, chapa iko wapi na inasomekaje, hereni kama ipo. Mahakama humtaka mdai aeleze alama mahususi za mali yake, na maelezo yaliyotolewa kabla hajaoneshwa ng'ombe yana nguvu kuliko yale anayotoa akiwa amesimama mbele yao. Dakika hizo mara nyingi ndizo zinazoamua kesi.

Wakati huohuo mtu mwingine apige simu polisi. Kama kituo kiko mbali, atumwe mtu kwa bodaboda kuripoti na kurudi na namba ya RB, yaani namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Kwenye shauri lolote la baadaye, RB ndiyo inayoonyesha kwamba msafara wenu ulikuwa wa kufuatilia kosa lililoripotiwa.

Gawa watu. Baadhi wabaki kijijini, maana wezi wenye akili huiba mbuzi wawili upande mmoja ili zizi kubwa upande wa pili libaki bila mlinzi. Wanaofuata nyayo watangulize msomaji wa nyayo mmoja au wawili, wengine wakae nyuma na pembeni ili wasizikanyage. Vijana wenye tochi kali wazuiwe kumulika hovyo.

Mkikaribia mpaka, piga simu kabla ya kuvuka. Mkishavuka mmechelewa. Simameni pointi mliyokubaliana, mwenyeji aje na watu wake, mkabidhiane nyayo. Kuanzia hapo kiongozi wa msafara ni kamanda wa kijiji hicho. Watu wa kwako wanafuata kama mashahidi na wasaidizi: msomaji wa nyayo, mwenye mali, katibu, wachache wengine. Msafara wa watu themanini wenye mishale ukiingia kijiji cha watu usiku wa manane huonekana kama uvamizi, na yowe litakalopigwa litakuwa dhidi yenu.

Siku hizi nyayo nyingi huishia barabarani. Ng'ombe wamepakiwa kwenye Fuso, au wamechinjwa kichakani na nyama imeondoka kwa pikipiki. Hapo kazi ya kukimbia imekwisha. Lindeni mahali hapo, msikanyage alama za matairi, pigeni picha kwa simu, na mpeni polisi taarifa haraka ili vizuizi na minada viangaliwe. Ng'ombe wanaosafirishwa wanatakiwa kuwa na kibali cha usafirishaji wa mifugo, kwa hiyo ofisa mifugo wa kata naye ajulishwe asubuhi.

Hatua ya 5: Kukamata ugenini

Mwache mwenyeji akamate. Hata kama wewe ndiye uliyemwona kwanza, kama kamanda wa pale yupo, ni yeye anayesema "uko chini ya ulinzi" na kueleza sababu. Kama hayupo, na mtu anatenda kosa mbele ya macho yako, tumia haki ya mwananchi: mshike, mwambie kwa nini, basi. Nguvu iishie kwenye kumzuia asitoroke. Mtu aliyekubali kukamatwa hafungwi kamba shingoni, na anayekimbia hapigwi mshale mgongoni.

Halafu linakuja swali la wapi apelekwe, na hapa wengi hukosea kwa nia njema. Wanataka kumrudisha kijijini kwao, kwenye mkutano, "watu wamwone". Sheria inataka mtu aliyekamatwa na asiye polisi akabidhiwe polisi bila kuchelewa, na kama polisi hayupo hapo, apelekwe kituo cha karibu. Karibu na mahali alipokamatwa. Kama ni kijiji cha jirani, ni kituo kinachohudumia kijiji cha jirani, hata kama wizi ulifanyika kwenu. Faili litahamishwa na polisi wenyewe ikibidi, na mahakama ipi isikilize shauri ni kazi yao na ya mwendesha mashtaka.

Msimlaze ofisi ya kijiji ili "ahojiwe". Kuhoji mtuhumiwa kuna taratibu na muda wake, na ni kazi ya polisi. Saa ishirini na nne ambazo watu huzitaja zinahusu kufikishwa mahakamani. Hazikupi wewe siku nzima ya kukaa naye. Katiba, ibara ya 13(6), inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana kosa mpaka athibitike, na inakataza mateso. Anayempiga mtuhumiwa anaharibu pia ushahidi wa wenzake: mtuhumiwa akifika kituoni na majeraha atapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na kuanzia hapo kila alichowaambia njiani kina shaka.

Hatua ya 6: Nyumba na maboma

Fupi: msiingie. Kupekua nyumba ni kazi ya polisi mwenye hati, na faragha ya nyumba ya mtu inalindwa na Katiba. Nyayo zikiingia boma, lizungukeni kwa mbali mkiwa na mwenyeji, zibeni njia za kutokea, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji, msubiri polisi. Mwenye boma akikubali kwa hiari mwenyekiti wake aingie kuangalia zizi, aingie mwenyekiti na mwenye mali, mchana ukiruhusu, na iandikwe kwamba alikubali.

Hatua ya 7: Ng'ombe waliopatikana

Kishawishi cha kuwaswaga moja kwa moja hadi nyumbani ni kikubwa, hasa kama ni wa mjane au ndio maksai wa kulimia. Lakini ng'ombe hao ni vielelezo. Wabaki mikononi mwa mwenyeji chini ya ulinzi wa pamoja hadi polisi afike, wapigwe picha, wahesabiwe mbele ya watu wa vijiji vyote viwili. Kuna utaratibu wa kuomba mwenye mali arudishiwe mifugo kabla kesi haijaisha. Muulize mpelelezi mapema. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inautaja wizi wa mifugo kama kosa la peke yake na adhabu yake ni nzito, kwa hiyo inafaa kulinda ushahidi wake.

Hatua ya 8: Andika papo hapo

Katibu atembee na daftari. Karatasi ya makabidhiano inaweza kuwa hivi:

KUMBUKUMBU YA MAKABIDHIANO YA NYAYO
Tarehe ........ Saa ........ Mahali ........
Kijiji kinachokabidhi ........ Kiongozi wa msafara ........ Idadi ya watu ........
Kijiji kinachopokea ........ Aliyepokea na cheo chake ........
Mali inayotafutwa (idadi, rangi, chapa, alama nyingine) ........
Kituo cha polisi na namba ya RB ........
Nyayo zimeonekana zikielekea ........
Sahihi za pande mbili ........

Ikijazwa kwa kalamu ya wino, hata kwa mwandiko wa kutetemeka, inatosha. Kila kijiji kibaki na nakala au picha yake.

Mipaka ambayo si ya vijiji tu

Wilaya au mkoa mwingine. Taratibu ni zilezile, ila polisi waingie mapema zaidi, maana makamanda wa huko hawawajui. Msitegemee kwamba mtemi wa sungusungu wa kwenu anaheshimika mpaka huko.

Hifadhi. Wezi wa mifugo wanajua kwamba pori la akiba ni maficho mazuri. Huko Meatu nyayo zikiingia Maswa, au Tarime zikielekea Serengeti, simameni ukingoni. Kuingia bila kibali ni kosa, kuwa na silaha ndani ni kosa jingine, na upinde ni silaha. Askari wa uhifadhi akiwakuta usiku mna mishale hatauliza kwanza kama mnatafuta ng'ombe. Apigiwe yeye, apewe nyayo.

Nchi jirani. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, na undugu hauishii Sirari. Mamlaka yenu yanaishia hapo. Hakuna makubaliano ya vijiji yanayoweza kumruhusu mlinzi wa Tarime kumkamata mtu Kuria ya upande wa Kenya. Mambo hayo yana njia ya polisi kwa polisi, na nchi za Afrika Mashariki zina itifaki ya mwaka 2008 ya kupambana na wizi wa mifugo, chini ya ushirikiano wa wakuu wa polisi wa kanda. Kazi yenu ni kufikisha taarifa nzuri kituoni upesi: alama za ng'ombe, saa, kivuko. Wazee wa pande mbili wanaweza kukutana kwenye ritongo, baraza la kimila la Wakurya, kutafuta mali na amani, ila kukamata waachieni wenye sare.

Mjini, ambako mtaa mmoja na mwingine vimetenganishwa na barabara tu, mambo ni mepesi zaidi kwa sababu kituo kiko karibu. Walinzi shirikishi wa mitaa inayopakana wafanye kundi moja la ujumbe wa simu pamoja na Mkaguzi Kata, na doria zao zikutane kwenye kona mlizopanga kwa saa mlizopanga.

Faini kwa mtu wa kijiji kingine

Swali hili huulizwa sana, nalo si la wezi. Kijana wa kijiji cha jirani alikutwa kwenu usiku, akakaidi doria, akarudi kwao. Je, mumfuate mkamtoze?

Sheria ndogo yenu, kama imeidhinishwa, ilimshika alipokuwa kwenu. Akisharudi kwao, sungusungu wenu hawana ruhusa ya kwenda kudai fedha wala kuchukua mbuzi au baiskeli yake kama rehani. Mtendaji wenu aandike barua kwa mtendaji wa kwao, aambatanishe nakala ya sheria ndogo na maelezo ya mashahidi wawili. Kijana akikubali kosa na kulipa, apewe stakabadhi ya halmashauri. Akikataa, shauri liende Mahakama ya Mwanzo. Na kama sheria ndogo yenu bado haijarudi kutoka wilayani, hamna faini ya kumtoza mtu yeyote, wa kwenu wala wa jirani.